Jinsi ya kusoma na kutunza barua za baharia wa vita

Ukifungua sanduku la barua za baharia wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, kufikia barua ya kumi utaanza kupiga miayo. Zote ni kama moja: nimeshakula, jana usiku kulikuwa na sinema, joto ni kali, nimekukumbuka, nibusie mtoto. Vita havimo.

Mwandishi hana kosa. Hakuruhusiwa kusema alipo, meli gani zimetia nanga karibu naye, nani ameumia wala anatarajia kupelekwa wapi, na barua yake ilisomwa na ofisa wa kikosi chake mwenyewe kabla haijaondoka. Alibakiwa na mambo manne ya kuandika: tumbo, usingizi, pesa na hamu ya nyumbani. Mwongozo huu ni kwa aliyerithi barua za namna hiyo au aliyekabidhiwa azitunze. Unaeleza namna ya kuyasoma hayo manne mpaka yakuonyeshe kambi, zamu, cheo na uhamisho, na namna ya kuzihifadhi karatasi zisikuharibikie mikononi.

Kabla ya kutoa barua yoyote

Piga picha ya sanduku kama lilivyo. Huenda mke au mama aliyezipokea alizifunga kwa utepe mafungu mafungu, kwa mwezi au kwa kambi, na ule ufungaji wenyewe ni habari. Kisha mpe kila bahasha namba kwa penseli laini, 2B yatosha, kwenye kona ya nyuma, na namba hiyohiyo kwenye kona ya kila karatasi iliyomo: 14/1, 14/2, 14/3. Usitumie kalamu ya wino wala vibandiko vya rangi. Gundi yake hubaki kwenye karatasi hata baada ya kuvibandua.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika saa ya kwanza: mtu anazitoa barua zote, anarundika karatasi upande huu na bahasha upande ule. Karatasi nyingi hazina mwaka. Zimeandikwa "Jumapili usiku" basi. Mwaka uko kwenye muhuri wa posta, na ukishavitenganisha unabaki na Jumapili mia mbili zisizo na mwenyewe.

Osha mikono, ikaushe vizuri, usipake mafuta. Glavu za pamba hazifai kwa karatasi, maana vidole hupoteza hisia na nyuzi hunasa penye mipasuko. Kwa picha na negativu, vaa glavu za mpira.

Bahasha husomwa kwanza

Weka bahasha mezani, taa iwe ubavuni ili mikwaruzo na alama za mihuri zitokeze. Anza kona ya juu kulia.

Ukikuta neno "Free" limeandikwa kwa mkono mahali pa stempu, barua hiyo ni ya Aprili 1, 1942 au baadaye, kwani ndiyo siku wanajeshi wa Marekani walipoanza kutuma barua za kawaida bila malipo. Ukikuta stempu ya senti 6, amelipia ndege. Hicho ndicho kiwango walichopewa wanajeshi waliokuwa ng'ambo kwa kila nusu aunsi. Tofauti hii usiipuuze. Barua ya bure ilisafiri kwa meli na kutoka visiwa vya mbali vya Pasifiki iliweza kuchukua mwezi na zaidi, huku ya ndege ikiitangulia. Ndiyo maana mke anaonekana kujibu jambo la tarehe 20 kabla ya jambo la tarehe 3. Na ukimwona mtu aliyekuwa akiandika bure kila siku amenunua stempu ghafla, soma barua hiyo polepole. Huenda kuna mtoto mgonjwa, deni, au maneno makali aliyotaka kuyawahi kabla hayajafika.

Muhuri wa posta wa wakati wa vita husema "U.S. NAVY" na tarehe, bila jina la meli wala mahali. Jina liliondolewa makusudi. Usipoteze jioni nzima ukilitafuta kwa lenzi.

Hamia kona ya juu kushoto, kwenye anwani ya mtumaji. Hapo ndipo penye utajiri. Utaona jina, kifupi cha cheo, jina la meli au kikosi, halafu "c/o Fleet Post Office" na mji mmoja kati ya mitatu. San Francisco ni Pasifiki. New York ni Atlantiki, Ulaya na Mediterania. Seattle ni Alaska na Pasifiki ya kaskazini. Watu wengi hudhani babu yao alikaa San Francisco miaka mitatu. Pengine aliuona mji huo siku mbili tu, akipanda meli na akishuka. Aliyekuwa kambini nchi kavu mara nyingi ana namba badala ya jina la mahali, kwa mfano "Navy 128", ambayo ilikuwa Pearl Harbor. Namba hizo zilitolewa kwa kambi za ng'ambo ili anwani isitaje kisiwa. Iandike kila namba unayoikuta pamoja na tarehe ya kwanza na ya mwisho kuonekana. Siku namba inapobadilika, kambi imebadilika au kikosi kimehama, hata kama barua yenyewe inaongea habari za soksi.

Kifupi cha cheo nacho kifuatilie. S2c na S1c ni mabaharia wa daraja la pili na la kwanza, wasio na fani maalum bado. Baada ya hapo herufi hutaja kazi na tarakimu hutaja daraja, ambapo 3 ndiyo ya chini: RM ni mtu wa redio, SM ni wa kupasha habari kwa bendera na taa, MM ni fundi wa mitambo, SK ni wa stoo, Y ni karani, PhM ni mhudumu wa tiba, CM ni seremala, GM ni fundi wa mizinga. Kwa hiyo bahasha tatu zenye S1c, SK3c na SK2c zimekuambia kwamba mtu huyu aliingizwa stoo na akapanda mara mbili, na umeyajua hayo kabla hujafungua chochote.

Mwisho igeuze. Nyuma mara nyingi pana maandishi ya mpokeaji: "imefika 3/12", "jibu", orodha ya vitu vya kununua, hesabu za pesa. Haya huachwa nje watu wanaponakili, na ndiyo mabaki pekee ya mkono wa mke katika sanduku zima.

Tarehe zinavyodanganya

Mmarekani huweka mwezi mbele. 6/7/44 ni Juni 7, 1944, na ukiisoma kwa mazoea yetu utaipeleka Julai 6, mwezi mzima pembeni. Jeshini nako huandika siku kwanza, "7 June 44", hivyo mtu mmoja anaweza kutumia mitindo yote miwili katika wiki moja. Tarehe yoyote ambayo namba zake zote ni 12 au chini ya hapo iwekee alama ya kuuliza mpaka muhuri wa posta uithibitishe.

Halafu kuna mstari wa tarehe wa Pasifiki. Aliyeko magharibi ya mstari huo yuko siku moja mbele ya nyumbani. Barua ya Krismasi imeandikwa Desemba 25 wakati mkewe bado yuko kwenye 24, na wengine hulichezea jambo hilo wakisema wanaandika kutoka "kesho".

Saa ni za tarakimu nne. 0800 ni saa mbili asubuhi, 1600 ni saa kumi jioni. Zamu zilikuwa za saa nne nne, isipokuwa ile ya jioni iliyokatwa vipande viwili, 1600 hadi 1800 na 1800 hadi 2000, ili mtu asiangukie zamu ileile kila siku. Anayesema anatoka "mid" ametoka zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Weka saa ya kuandika kwenye jedwali unaloliandaa, mstari mmoja kwa kila barua, uone kama sauti ya barua haibadiliki. Za mchana zimejaa utani. Za baada ya zamu ya usiku ndizo zenye upweke, na akiandika tena mchana wake anaziombea radhi.

Mkono wa mkaguzi

Duara dogo lenye maneno "PASSED BY NAVAL CENSOR" na herufi za jina ndani yake ni la ofisa aliyesoma barua. Jeshi la majini lilitumia maofisa wa meli au kambi ileile, yaani huyohuyo aliyempangia baharia zamu mchana ndiye aliyesoma usiku namna anavyomlilia mkewe. Ukifikiria hilo utaelewa kwa nini mapenzi katika barua nyingi yamefichwa kwenye mzaha au majina ya utani. Zifuatilie herufi za mkaguzi pia. Zikibadilika ghafla pamoja na namba ya kambi, mtu amehama. Zikibadilika peke yake, ofisa ndiye aliyehama.

Palipokatwa kwa wembe, pima tundu na ukadirie idadi ya maneno kwa kulinganisha na mstari wa juu yake. Kumbuka kwamba wembe ulipita pande zote mbili za karatasi, hivyo upande wa nyuma umepoteza maneno yasiyo na hatia. Usiangalie tundu la mbele tu ukahukumu. Palipopakwa wino, jaribu kupiga picha kwa mwanga wa nyuma au kubadilisha rangi kwenye kompyuta. Wino wa kalamu na wino wa kufutia mara nyingine hutofautiana. Usipake kemikali yoyote.

Wapo waliopanga misimbo na wake zao kabla ya kuondoka. Ulio maarufu ni wa kubadilisha herufi inayosimama badala ya jina la kati la mpokeaji (kama S. katika Mary S. Brown) kila barua: herufi hizo zikipangwa kwa mfuatano zinataja kisiwa. Ulikatazwa, lakini ulifanyika. Mtihani wake ni rahisi: orodhesha majina kwenye bahasha zote kwa tarehe za kuandikwa. Kama herufi haibadiliki, hakuna msimbo, acha kuutafuta. Watu huharibu muda mwingi wakisoma herufi za kwanza za kila sentensi, na ukitafuta hivyo utapata kisiwa chochote unachokitaka.

Shajara zilipigwa marufuku pia. Kama baharia wako hakuacha daftari lolote, barua zilikuwa mahali pekee halali pa kuweka siku zake.

V-mail: karatasi inayofanana na picha

Katikati ya sanduku utakuta vijikaratasi vya takriban sentimita 11 kwa 13, vyeusi na vyeupe, maandishi yake madogo. Hiyo ni V-mail, iliyoanza Juni 15, 1942 na kuisha Novemba 1, 1945. Mtu aliandika kwenye fomu maalum ya ukurasa mmoja, fomu ikapigwa picha kwenye filamu ya milimita 16, filamu ikasafirishwa, na upande wa pili ikachapwa upya. Barua 150,000 zilizohitaji magunia 37 ya posta ziliingia gunia moja; uzito ulishuka kutoka pauni 2,575 hadi 45.

Kwa mtunzaji hili lina matokeo matatu. La kwanza, ulichonacho ni chapa ya picha, na fomu ya asili haikutoka kwenye kituo cha kupigia picha. Wino wa kijani au penseli hafifu imepotea jumla. La pili, tabia yake ni ya picha: hujikunja, hupata rangi ya njano, na ikipata unyevu inashikamana na jirani yake. Itenganishe na barua za kawaida. La tatu, hakuna kilichoweza kuambatishwa ndani yake, hivyo ikisema "tazama picha niliyokutumia" itafute picha kwenye bahasha nyingine. Busu la rangi ya midomo nalo lilikatazwa, kwa sababu lilichafua mashine. Wafanyakazi wa posta waliliita pigo jekundu. Usishangae kulikuta kwenye barua za ndege tu.

Maneno ya kambini yanayopotosha

Baharia huita kila kitu kwa lugha ya meli hata akiwa nchi kavu, na hapa ndipo wanaonakili wanapopotea. Sakafu ya kibanda ni "deck", ukuta ni "bulkhead", ngazi ni "ladder", na kwenda "ashore" ni kutoka nje ya lango la kambi. Sentensi "jana nilikwenda ashore" haithibitishi kwamba mtu huyo alikuwa kwenye meli. "Head" ni choo, na kuna nakala zinazosema baharia alisafisha kichwa asubuhi nzima. "Sack" ni kitanda. "Chow" ni chakula. "Scuttlebutt", kwa asili pipa la maji ya kunywa, ni uvumi, na ukitokea uvumi wa kurudi nyumbani utaurudia kuuona kila mwezi bila mtu kurudi. "Gedunk" ni aiskrimu na peremende au duka linalouza vitu hivyo. "Captain's mast" ni shauri la nidhamu mbele ya kamanda, kwa hiyo aliyepelekwa huko hakupanda mlingoti. Amekosea jambo, na wiki inayofuata utaona hakwenda mjini. "Liberty" ni ruhusa ya saa chache, "leave" ni likizo ya siku nyingi. Usizichanganye, maana kwenye moja mtu aliweza kufika kwao na kwenye nyingine hakuweza.

Akitaja "Quonset" ni kibanda cha bati la nusu duara, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1941 Rhode Island. Cha kawaida kilikuwa futi 20 kwa 48. Kuhama kutoka hema kwenda Quonset ni tarehe muhimu. Maana yake kambi imeanza kukaa, na wajenzi wa jeshi la majini, Seabees, wameshapita hapo. Mpangilio wa chakula nao unasema: maziwa ya unga na nyama ya kopo ni kambi changa, mayai mabichi, nyama ya ng'ombe na aiskrimu ni meli yenye majokofu imefika. Bia makopo mawili ufukweni ni siku ya mapumziko. Huko Ulithi, visiwa vya Pasifiki vilivyotwaliwa Septemba 1944, kisiwa kidogo cha Mog Mog kilitengwa kwa mapumziko hayo.

Pesa

Soma kila tarakimu ya dola. Kwa sheria ya Juni 1942 mshahara wa mwezi ulikuwa dola 50 kwa kuruta, 54 kwa S2c, 66 kwa S1c, 78 kwa daraja la tatu la fani, 96 la pili, 114 la kwanza. Aliyekuwa baharini au ng'ambo aliongezewa asilimia 20. Mke alipata dola 50 kila mwezi: 22 zilikatwa kwenye mshahara wa mumewe, 28 ziliongezwa na serikali. Akiwa na mtoto mmoja zilikuwa 62, na mwishoni mwa 1943 zikapandishwa hadi 80.

Sasa piga hesabu. S1c aliyeko ng'ambo ana 66 na 13.20, jumla 79.20. Toa 22 za mke, zinabaki 57.20, kisha toa bima ya maisha, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 10,000. Barua ikisema "nimekutumia 40", jua mtu huyo amebakiza kidogo sana mfukoni, au alikuwa na akiba ya mshahara ambao hakuwa ameuchukua, au kuna kamari. Mke naye anapoandika nyuma ya bahasha "hundi bado", linganisha na tarehe: kubadilisha anwani au cheo kulichelewesha malipo, na ugomvi mwingi wa kwenye barua una hundi iliyochelewa nyuma yake kuliko wivu.

Nusu ya mazungumzo

Kwa kawaida utakuwa na barua za baharia tu. Za mke alizipokea mtu mwenye begi moja na kabati dogo, akazisoma mpaka zikachanika, akazitupa alipohamishwa. Lakini unaweza kuzijenga tena kwa majibu yake.

Tuseme barua ya Novemba 18 inasema hivi: "Nimepata zako tatu kwa mpigo, za tarehe 2, 4 na 9. Hapana, usiuze gari. Soksi zimefika, mwambie mama. Hilo la jino limenichekesha sana." Fungua jedwali la pili, la barua zilizopotea, uingize tatu: Novemba 2, 4 na 9. Kwenye safu ya mambo andika: aliuliza kuhusu kuuza gari; mama alituma kifurushi; mtoto ameota au ameng'oka jino. Kama mtoto alizaliwa mapema mwaka huohuo, ni kuota. Safu ya siku njiani: 16, 14 na 9. Zimefika pamoja, kwa hiyo ama posta ililundikana mahali ama kambi ilikuwa safarini. Ukiona siku kumi kimya halafu barua tano zinapatikana siku moja, hiyo ni meli iliyorudi bandarini.

Wengi waliandika namba kwenye kila barua kwa ajili hiyohiyo. Namba 61 ikifuatiwa na 64, usiseme moja kwa moja kwamba mbili zimepotea. Tafuta kwanza kwenye V-mail, kwani baadhi walizihesabu na baadhi hawakuzihesabu.

Usishangae barua za Februari kushukuru kwa zawadi za Krismasi, wala za Agosti kuomba vitu vya sikukuu. Mwaka 1944 vifurushi vya Krismasi vya ng'ambo vilipokelewa posta kati ya Septemba 15 na Oktoba 15, visizidi pauni 5. Habari za kuzaliwa na kufa zilikuja haraka zaidi kwa simu ya maandishi kupitia Msalaba Mwekundu wa Marekani. Hivyo baba anaweza kujua kwamba amepata binti wakati barua zinazomfikia bado zinaongelea ujauzito, na kwa wiki tatu utamwona akiishi katika nyakati mbili.

Kuanzia Agosti 1945 kila barua ina hesabu ya pointi za kuruhusiwa kutoka jeshini na kurudi nyumbani. Nusu pointi kwa kila mwaka wa umri, nusu kwa kila mwezi wa utumishi, 10 kwa mwenye wategemezi, bila kujali idadi yao. Askari wa kawaida alihitaji 44. Mtu wa miaka 26 mwenye miezi 34 na mke ana 13, 17 na 10, jumla 40. Amepungukiwa na nne, na mwezi mmoja unampa nusu tu. Baadaye kiwango kilishushwa na muda wa ng'ambo ukaongezwa kwenye hesabu, kwa hiyo kila tangazo jipya linamnyanyua mtu au linamzika. Weka safu ya pointi kwenye jedwali.

Kutunza karatasi

Nyoosha barua taratibu, mkunjo mmoja mmoja. Ikigoma, iache wazi nusu kwa siku moja au mbili, kisha ilaze kati ya karatasi safi nyeupe zisizo na asidi, juu yake uzito wa kitabu, kwa wiki. Usiinyunyizie maji. Mabaharia wengi walitumia penseli ya kopi, ile inayofanana na ya kawaida, na ikilowa hugeuka zambarau na kutapakaa ukurasa mzima. Wino wa bluu wa kalamu za kujaza nao hukimbia kwa tone moja.

Pini na klipu zenye kutu usizivute. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ya poliesta chini ya chuma na kingine juu, kisha telezesha. Selotepu ya zamani iache kama ilivyo. Ukiibandua inaondoka na maneno. Usitie laminesheni kwa hali yoyote, kwa sababu joto na gundi haviondoki tena, na kilichoonekana kama ulinzi kinakuwa jeneza.

Hifadhi kila barua ikiwa imenyooshwa, pamoja na bahasha yake, ndani ya folda isiyo na asidi wala lignini (dutu ya mti inayoigeuza karatasi njano), kwenye sanduku la namna hiyohiyo. Vipande vya magazeti vitoe, vinakili, viweke folda yake. Asidi yake hupiga chapa ya kahawia kwenye barua ya jirani. Joto lisizidi nyuzi 21 na unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50 ukiweza. Usipoweza, angalau usiweke darini, sakafuni, wala ukuta unaopakana na bafu. Unyevu unaopanda na kushuka kila siku ni mbaya kuliko joto la wastani lisilobadilika.

Skana kwa rangi, hata zile nyeusi na nyeupe: nukta 400 kwa inchi kwa barua, 600 kwa V-mail na picha ndogo, faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Ukurasa wa inchi 8 kwa 10.5 utachukua takriban megabaiti 40. Barua 200 zenye picha nne kila moja, zikiwemo pande mbili za bahasha, zitafika gigabaiti 32; nunua diski mbili na nakala ya tatu iwe nyumba nyingine. Faili liitwe 1944-11-07_014_01, ili kompyuta izipange yenyewe kwa tarehe. Usitumie skana inayovuta karatasi, hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Unaponakili, acha makosa ya tahajia. Neno usilolisoma liandike [?], penye tundu [imekatwa, kama maneno 5]. Usiandike unachodhani kilikuwepo.

Kuthibitisha kwa kumbukumbu za serikali

Ukishapata meli, namba za kambi na tarehe za kuhama, nenda kwenye Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa ya Marekani. Orodha za mahudhurio za meli na kambi za jeshi la majini za 1939 hadi 1949 zimewekwa mtandaoni, na ripoti zake za mabadiliko hutaja nani ameingia, nani ametoka na kwenda wapi. Tafuta kwa namba ya utumishi, maana majina hufanana. Shajara za vita za meli nazo zipo, na zinataja bandari kwa siku. Weka shajara upande mmoja na barua upande wa pili: siku ambayo meli ilishambuliwa, barua itasema "hakuna jipya hapa, nimelala sana leo".

Faili binafsi la baharia huombwa kwenye kituo cha kumbukumbu za watumishi, St. Louis, kwa fomu ya SF 180. La aliyetoka jeshini miaka 62 iliyopita au zaidi ni wazi kwa yeyote. Utasikia kwamba mafaili yaliungua Julai 1973. Moto ule uliteketeza mengi ya jeshi la nchi kavu na la anga, na ya wanamaji yalisalimika, kwa hiyo usikubali jibu hilo.

Na kabla ya kuweka chochote hadharani, jua kwamba kumiliki karatasi si kumiliki maneno. Haki ya maneno yasiyochapishwa huko Marekani ni ya mwandishi na warithi wake hadi miaka 70 baada ya kifo chake. Mtoto aliyeota jino kwenye barua ya 1944 anaweza kuwa hai, na huenda hajawahi kujua kwamba wazazi wake nusura waachane kwa ajili ya gari. Muulize yeye kwanza.